Samaki wakubwa wa Ziwa Tanganyika katika tangi la nyumbani: yanayopaswa kufahamika kabla ya kuwaleta Tabora

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Kwa muda mrefu samaki aliyesafiri kutoka Ujiji kuelekea mashariki alikuwa mkavu. Misafara iliyopita Uvinza, ikavuka Mto Malagarasi kwa mitumbwi na kupumzika Kwihara na Kaze, palipo Tabora ya leo, haikuwa na namna ya kubeba samaki hai. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na leo mfuko wa plastiki uliotiwa maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili unaweza kumfikisha kifaranga wa samaki akiwa mzima, umbali wa takriban kilomita 400 kwa reli. Hapo ndipo wananchi wanaopenda ufugaji wa samaki wa mapambo wanapojiuliza iwapo wanaweza kumweka sebuleni samaki mkubwa wa ziwa, yule ambaye wavuvi wa ndoano humtafuta kwa fahari.

Anayetamaniwa zaidi ni kuhe. Huyu ni wa jamii moja na sato na perege, lakini ni miongoni mwa wakubwa zaidi wa jamii hiyo duniani, na hapatikani kwingine kokote isipokuwa katika Ziwa Tanganyika. Akikomaa huzidi sentimita 60. Ni mla samaki wenzake, mwenye mwili mrefu wa rangi ya dhahabu, na dume na jike hushirikiana kuwalinda watoto wao. Tatizo ni kwamba anapouzwa huwa na urefu wa kidole, na mnunuzi humwona kama samaki mdogo wa kawaida.

Tangi la kioo lenye urefu wa mita 1, upana wa nusu mita na kina cha nusu mita hubeba lita 250. Kuhe aliyekomaa hawezi hata kugeuka humo kwa raha. Tangi linalomstahili ni la urefu wa mita 3, upana wa mita 1.5 na kina cha sentimita 80. Hilo hubeba lita 3,600, yaani tani 3.6 za maji pekee, kabla ya kuhesabu kioo, mawe na meza yake. Sakafu ya nyumba nyingi haikujengwa kwa mzigo huo. Anayedhamiria kweli ni afadhali ajenge birika la saruji uani, lenye kivuli na dirisha la kioo upande mmoja.

Suala la maji ndilo linalowaangusha wengi. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi na kiwango chake cha pH ni kati ya 8.6 na 9. Maji ya Ziwa Victoria, ambayo sasa hufika Tabora kwa bomba, yana madini machache zaidi, na kama maji yote ya bomba yaliyosafishwa kwa ajili ya binadamu, hutiwa klorini. Klorini huunguza matamvua ya samaki. Maji hayo yaachwe wazi kwenye pipa kwa saa 24 au zaidi huku pampu ya hewa ikifanya kazi, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Madini huongezwa taratibu kwa kuweka mawe ya chokaa ndani ya chujio, na kipimo cha pH kifanyike kabla ya samaki kuingizwa, si baada ya kuanza kuhema juu ya maji.

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi ndani ya chujio huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha, hivyo tangi jipya halipaswi kujazwa samaki siku linaponunuliwa. Kwa samaki wa Tanganyika jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa amonia huwa kali kadiri pH inavyopanda: kiasi ambacho samaki wa maji laini angekistahimili kinaweza kumuua kuhe. Na mla nyama mkubwa huchafua maji kuliko samaki wadogo kumi. Theluthi moja ya maji ibadilishwe kila wiki, na pampu ya hewa iwe na betri ya akiba kwa nyakati umeme unapokatika.

Je, jamaa za sangara? Ziwa Tanganyika lina aina 4 zisizopatikana kwingine, akiwemo mgebuka. Hawa hawafai kwa tangi la nyumbani. Mgebuka ni samaki wa maji ya wazi, anayekimbia kwa makundi, na wenzake 3 wamo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ziwa lenyewe lilihitaji kupumzishwa. Nchi 4 zinazolizunguka zilisitisha uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024.

Mkazi wa Tabora anayetaka samaki mkubwa na mstahimilivu atamfurahia zaidi kambare. Hupumua hewa ya juu ya maji na huvumilia maji ambayo kuhe angefia humo. Lakini naye huweza kuzidi mita 1, humeza chochote kinachoingia mdomoni, na usiku wa mvua huweza kutoka na kutambaa uani. Mfuniko mzito ni wa lazima.

Linabaki swali ambalo wafugaji huliahirisha: samaki akilizidi tangi, apelekwe wapi? Jibu lisiwe Bwawa la Igombe, wala mto wowote unaoelekea Malagarasi. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za furu zilitoweka. Sato aliyehamishwa amezaana na jamaa zake wa asili katika maji kadhaa nchini. Bonde la Malagarasi na Muyovozi, eneo oevu la kwanza la Tanzania kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, lina perege wake asiyepatikana kwingine. Samaki mmoja aliyetupwa kwa huruma huenda asilete madhara, ila wawili wakizaana hakuna wa kuwarudisha. Ni bora aliyezidi tangi aliwe, au apewe mfugaji mwenye birika kubwa.

Kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake, kuvua na kufanya biashara ya samaki kunahitaji leseni, na kuhamisha samaki hai kutoka maji ya eneo moja kwenda mengine kunahitaji kibali. Mwananchi anayenunua kifaranga Kigoma amwombe muuzaji nyaraka zake, azihifadhi, na amwone Ofisa Uvuvi wa halmashauri yake kabla ya safari, kwani samaki akishakaa ndani ya mfuko saa zinahesabika.