Kutoka Kifuani, si Kinywani

Kiingereza cha hospitalini kina kitenzi kimoja ambacho ni nadra kusikika sokoni: expectorate. Maana yake ya kitabibu ni kukohoa kwa nguvu hadi kohozi lililomo mapafuni lipande na kutoka nje. Asili yake ni Kilatini: ex, yaani "kutoka", na pectus, yaani "kifua". Mshairi wa Kirumi Ennius alikitumia kueleza jinsi hofu inavyoifukuza hekima kifuani mwa mtu, maana Warumi waliona kifua kuwa makazi ya fikra. Waswahili nao humsifu mtunza siri kwamba "ana kifua".

Waganga wa Uingereza walikuwa wakikitumia kitenzi hicho tangu karne ya 17. Mambo yaliharibika baadaye. Katika karne ya 19, watafuna tumbaku wa Marekani walitema ovyo kiasi cha kumchukiza Charles Dickens alipozuru nchi hiyo mwaka 1842, na watu walioona aibu kutamka neno la kawaida la kutema wakaazima hili la waganga. Robert Koch alipotangaza tarehe 24 Machi 1882 kwamba amegundua kimelea cha kifua kikuu, kutema hadharani kukawa suala la afya ya jamii. Jiji la New York lilikupiga marufuku mwaka 1896. Kitenzi kilikuwa kimekwisha kupoteza kifua chake, kikabaki na mdomo.

Kiswahili kina bahati ya kutenganisha mate na kohozi. Bahati hiyo hupotea kliniki mhudumu anapompa mgonjwa kikopo na kusema tu, "Tema humu." Mgonjwa hutii, akatema mate. Maabara yaweza isione kimelea, naye akarejea nyumbani na ugonjwa wake, akiendelea kuwaambukiza jamaa zake. Katika utafiti wa Rawalpindi, Pakistani, uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2007, asilimia 13 ya wanawake walioelekezwa vyema kabla ya kutoa kohozi walikutwa na vimelea, ilhali kwa wasioelekezwa ilikuwa asilimia 8. Hapakuwa na mashine mpya wala dawa. Palikuwa na maneno tu.

Maneno yenyewe si mengi. Mgonjwa asukutue kinywa kwa maji, asimame mahali pa wazi mbali na watu, avute pumzi ndefu mara mbili au tatu, kisha akohoe kutoka chini kabisa ya kifua. Kohozi huwa zito na lenye utelezi. Mililita 3 hivi zatosha. Kilicho chepesi kama maji na chenye povu ni mate, naye huombwa ajaribu tena, hasa alfajiri anapoamka. Wanawake wengi huona haya kukohoa hivyo mbele ya watu, kwa hiyo wapewe faragha. Mtoto mdogo hulimeza kohozi lake, na ndiyo sababu kwake maabara hupima hata kinyesi.