Seva inawaka, majina hayapatikani: Namna ya kufika kwenye kiini cha tatizo

OFISI nyingi za mijini siku hizi hazinunui tena seva moja kwa kila kazi. Hununua kompyuta moja yenye nguvu, kisha ndani yake huendeshwa kompyuta pepe kadhaa: moja ya barua pepe, nyingine ya mahesabu, nyingine ya kuhifadhi mafaili.

Utaratibu huo hupunguza gharama za vifaa na umeme. Hata hivyo, una hatari yake: hitilafu ndogo katika kompyuta mwenyeji, yaani ile inayobeba nyingine, huweza kusimamisha shughuli zote kwa wakati mmoja.

Miongoni mwa hitilafu hizo ni majina ya mtandao kushindwa kutambuliwa. Taa za mitambo zinawaka na kebo zimechomekwa vizuri, lakini tovuti hazifunguki, barua pepe hazitoki na programu ya mahesabu haioni kumbukumbu zake.

Mara nyingi lawama hupelekwa kwa kampuni inayotoa huduma ya intaneti, au ofisi hununua ruta mpya, ilhali tatizo limo ndani ya seva ileile.

Majina ni ya watu, namba ni za kompyuta

Kompyuta hutambuana kwa namba. Majina ya tovuti yapo kwa ajili ya binadamu, ambaye hawezi kukariri namba hizo zote. Mfumo unaogeuza jina kuwa namba huitwa DNS, na kazi yake inafanana na ya kitabu cha simu.

Hapo awali majina yote yaliwekwa katika faili moja lililotunzwa katika taasisi ya utafiti ya SRI, jimboni California, Marekani. Mtandao ulipokua, faili hilo lilielemewa, na mwaka 1983 mtaalamu Paul Mockapetris akabuni DNS. Katika mfumo huo kila eneo hutunza majina yake; kwa mfano, yale yanayoishia na .tz husimamiwa nchini Tanzania.

Mfumo huo ukikwama, hata wakubwa hutoweka. Oktoba 4, 2021, huduma za Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea duniani kote kwa takriban saa sita. Kosa lilifanyika wakati wa matengenezo ya mtandao wa ndani wa kampuni hiyo, na seva zake za majina, ingawa zilikuwa zikifanya kazi, hazikuweza kufikiwa kutoka nje.

Tenganisha kwanza

Hatua ya kwanza ni kujua kama kilichokatika ni mtandao wenyewe au ni majina tu. Fundi hutumia amri ya ping kwenye kompyuta pepe, kwanza kwa namba, kama 8.8.8.8 ya Google, kisha kwa jina la tovuti.

Namba ikijibu na jina likishindwa, mtandao upo na tatizo ni la majina. Vyote viwili vikishindwa, kuna uwezekano kuwa njia yenyewe imekatika. Ikumbukwe kuwa baadhi ya mitandao huzuia ping, hivyo ukimya pekee si ushahidi kamili.

Hatua ya pili ni kurudia jaribio hilohilo kwenye kompyuta mwenyeji, kisha kwenye kompyuta pepe nyingine. Majibu yake huonyesha mahali pa kutazama:

- Ikishindwa kompyuta pepe moja tu, tatizo limo katika mpangilio wake.

- Zikishindwa kompyuta pepe zote huku mwenyeji ikifaulu, tatizo lipo katika njia inayounganisha pande hizo mbili.

- Ikishindwa na mwenyeji pia, tatizo ni la mwenyeji au lipo nje yake.

Hatua ya tatu ni kuuliza seva ya majina moja kwa moja kwa amri ya nslookup, ukitaja namba ya seva unayotaka ijibu. Seva moja ikijibu na nyingine ikinyamaza, mhusika amepatikana.

Mitego iliyozoeleka

Mtego wa kwanza ni mwenyeji kuhama mtandao. Katika programu ya VirtualBox, kompyuta pepe inayotumia njia ya NAT kwa kawaida hupewa seva za majina zilezile za mwenyeji. Kompyuta ya mkononi ikitolewa ofisini na kupelekwa nyumbani, kompyuta pepe iliyomo huweza kuendelea kuuliza seva ya ofisini isiyofikika tena. Kuwasha upya mtandao wa kompyuta pepe mara nyingi hutosha.

Mtego wa pili ni anwani 127.0.0.53, inayoonekana katika mifumo mingi ya Linux kama seva ya majina. Anwani inayoanza na 127 maana yake ni “mimi mwenyewe”. Fundi akiinakili kutoka kwa mwenyeji na kuiweka kwenye kompyuta pepe, kompyuta hiyo hujiuliza yenyewe swali isilo na jibu lake.

Mtego wa tatu ni ulinzi wa mtandao, yaani faiwoli. Maswali ya majina hupita katika poti namba 53, kwa njia za UDP na TCP. Faiwoli ya mwenyeji ikiwashwa upya, kanuni zilizowekwa kwa ajili ya kompyuta pepe huweza kufutika, na maswali yakagonga ukuta.

Umeme unaporudi

Mtego mzito kuliko yote hujitokeza baada ya umeme kukatika. Ofisi nyingi huweka seva ya majina kama mojawapo ya kompyuta pepe. Umeme unaporudi, mwenyeji huamka na kutafuta kwa jina hifadhi yenye diski za kompyuta pepe. Lakini wa kumjibu ni kompyuta pepe ambayo diski yake imo katika hifadhi hiyohiyo.

Hapo kila upande humsubiri mwenzake, na ofisi nzima husimama ingawa hakuna kifaa kilichoharibika.

Kinga yake ni kuwa na seva ya pili ya majina nje ya mwenyeji huyo, kuipanga seva ya majina iwe ya kwanza kuwaka, na kuiandika hifadhi kwa namba au katika faili la majina la mwenyeji. Faili hilo lihakikiwe kila namba zinapobadilishwa, la sivyo litakuwa chanzo cha tatizo jipya.

Dawa ya haraka na madhara yake

Wapo wanaoweka 8.8.8.8 katika kila kompyuta na kuondoka. Tovuti za nje hufunguka, lakini Google haijui majina ya ndani ya ofisi. Matokeo yake ni kwamba mfanyakazi anasoma habari bila shida, lakini haoni faili wala mfumo wa mahesabu.

Kuchanganya seva ya ndani na ya nje nako hakusaidii. Seva ya nje ikisema jina halipo, kompyuta huridhika na jibu hilo na haiendi kuuliza nyingine.

Baada ya marekebisho, majibu ya zamani huweza kubaki katika kumbukumbu ya muda. Katika Windows hufutwa kwa amri ya ipconfig /flushdns. Bila hivyo, fundi anaweza kudhani marekebisho sahihi yameshindwa, akaanza kuharibu kilichokwisha kutengemaa.

Ni vyema pia kubadilisha jambo moja kwa wakati na kuliandika. Orodha ya namba za mwenyeji, hifadhi na seva za majina iwekwe kwenye karatasi karibu na mitambo, kwani siku majina yatakapokwama, orodha iliyohifadhiwa ndani ya seva haitafunguka.