Kumwandaa Mwanafunzi Kiziwi kwa Kazi ya Kwanza: Mfano wa Naliendele

Mwalimu wa shule ya msingi aghalabu hudhani kwamba suala la ajira ni la vyuo vya ufundi na maofisa wa kazi, na kwamba wajibu wake umekwisha mara mtoto anapofaulu mtihani wa darasa la saba. Kwa mtoto asikiaye, dhana hiyo yaweza kusameheka. Kwa mtoto kiziwi haifai hata kidogo, kwa sababu mlango wa kazi yake ya kwanza hufunguliwa au hufungwa na yale aliyofundishwa, au aliyonyimwa, katika miaka hiyo saba. Makala haya yanaeleza ni mambo gani hayo, kwa kutazama Naliendele, kilomita chache kutoka mjini Mtwara katika barabara iendayo Newala.

Naliendele yajulikana kwa kituo chake cha utafiti wa kilimo, ambacho siku hizi kiko chini ya TARI na ndicho kiongozi wa utafiti wa korosho nchini. Kwa hiyo kazi ambazo kijana wa hapo huziona tangu utotoni ni za mkorosho: kuotesha na kubebesha miche kitaluni, kupogolea, kupulizia dawa dhidi ya ubwiri unga, kuokota, kuanika, kuchambua madaraja, kupanga magunia ghalani, kubangua. Karibu zote ni kazi za jicho na mkono. Anayebebesha hukata kikonyo, akakichonga, akakipachika katika mche na kukifunga kwa utepe. Katika hatua zote hizo hapana neno hata moja linalohitaji kusikiwa. Basi kwa nini kijana kiziwi aliyehitimu huachwa nje ya kitalu, hali mwenzake waliyeketi naye dawati moja amekwisha pata kibarua? Kizuizi hakimo katika kazi yenyewe. Kimo katika mazungumzo yanayoitangulia: kusikia kwamba nafasi ipo, kuiomba, kuhojiwa, na kuelekezwa siku ya kwanza.

Hapa yafaa tuondoe kosa moja kubwa. Watu wengi huamini kwamba kiziwi aliyeelimika husoma midomo, na kwamba msimamizi akisema polepole, au akipaza sauti, yote yataeleweka. Mwanachuo na ajaribu mwenyewe mbele ya kioo. Atamke bila sauti maneno matatu: papa, baba, mama. Midomo hufumba na kufumbua kwa namna ile ile, na hakuna jicho liwezalo kumtofautisha samaki na mzazi. Kisha ajaribu pua, bua na mua. Herufi za kooni, kama k na g, hazionekani kabisa. Isitoshe, mtoto wa Naliendele huenda nyumbani hutazama midomo ya Kimakonde na shuleni midomo ya Kiswahili. Msomaji hodari wa midomo hukisia sehemu kubwa ya anachokifuata, na kukisia si njia ya kupokea maelekezo ya kuchanganya dawa ya mikorosho.

Imani hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, uliamua kwamba kusema kwa mdomo kupewe nafasi juu ya lugha ya alama, na uamuzi huo uliathiri shule za nchi nyingi kwa karne nzima. Ulikataliwa rasmi katika mkutano wa Vancouver, Kanada, mwaka 2010. Kwetu Tanzania shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, ikafuatwa na Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974, na Mwanga, Kilimanjaro, mwaka 1981. Alama zilikua tofauti kutoka shule moja hadi nyingine, na Chama cha Viziwi Tanzania, yaani CHAVITA, kilichozaliwa katika miaka ya 1980, kimekuwa mstari wa mbele kuikuza Lugha ya Alama ya Tanzania. Mwalimu asiyeijua lugha hiyo aanze na herufi za vidole, ambazo hujifunzwa kwa siku chache.

Lakini silaha kubwa ya kijana huyu mbele ya mwajiri asiyejua alama ni maandishi, na hapa ndipo shule ya msingi inapolaumika zaidi. Lugha ya alama si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Ina sarufi yake. Kijana aweza kuandika: "Mimi kazi kitalu taka." Mwajiri asomapo hayo humdhania kuwa mzito wa akili, kumbe ni mtu anayeandika lugha yake ya pili. Mtoto asikiaye hupata upatanisho wa kisarufi bure, uwanjani na jikoni, kabla hajaingia darasani. Kiziwi huupata kwa macho tu. Kwa hiyo mwalimu aandike ubaoni yale ambayo kwa wengine angeyasema kwa mdomo, tena kwa jozi: mche umekauka, miche imekauka, gunia limejaa, magunia yamejaa. Kazi hii huchosha, na hapana njia ya mkato. Ningependa kuona nusu saa ya maandishi ya namna hiyo kila siku kuliko vipindi vingi vya kumlazimisha mtoto kutoa sauti asizozisikia.

Sheria nayo ifundishwe. Sheria Na. 2 ya mwaka 1982 iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi kuwapa watu wenye ulemavu asilimia 2 ya nafasi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilishusha kiwango hadi wafanyakazi 20 na kupandisha fungu kuwa asilimia 3. Mwanafunzi apigaye hesabu atagundua jambo: asilimia 3 ya watu 20 haifiki mtu mmoja, mtu mmoja kamili hupatikana wafanyakazi wanapofika 34. Hesabu hiyo ni somo zuri la darasa la sita, na humwonyesha kijana kwamba katika kitalu kidogo asitegemee fungu, bali ategemee mkono wake. Kwa kazi za serikali, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwataka waombaji wenye ulemavu waeleze hali yao, basi asiifiche.

Usaili ufanyiwe mazoezi darasani. Mwalimu awe msimamizi, mwanafunzi aje na karatasi yenye sentensi tatu: kwamba yeye ni kiziwi, kwamba anaomba maswali yaandikwe, na kwamba yuko tayari kuonyesha kazi papo hapo. Namba ya simu iambatane na maneno "tuma ujumbe, usipige", maana nafasi nyingi hupotea kwa simu iliyoita bila kupokewa. Aketi mahali ambapo mwanga unamwangukia msemaji usoni. Neno "bubu" likitamkwa, mwalimu alisahihishe hadharani, awe nani aliyelitamka.

Mwalimu akiweza, amtembelee msimamizi kabla ya siku ya kwanza. Amweleze kwamba lori linaporudi nyuma ghalani kijana hatalisikia, hivyo lazima mtu mmoja apewe jukumu la kumgusa bega. Na kwamba maelekezo yanayotolewa kwa kelele kwa kundi zima yaandikwe ubaoni au yaonyeshwe kwa vitendo.

Mwisho ni malipo. Vibarua wa msimu hulipwa kwa siku au kwa kiasi cha kazi, na hesabu hutajwa kwa mdomo, haraka, jua likizama. Kijana kiziwi husaini palipoonyeshwa kidole. Afundishwe angali darasani kuwa na daftari lake: tarehe, kazi, idadi ya miche au magunia, na sahihi ya msimamizi kila jioni.