RANGI ZA NYAYA ZINADANGANYA, MSHIKAJI!

MSHIKAJI wangu wa Majengo, Pasua, na hata wewe wa kule juu Kibosho, hebu tuulizane. Umenunua redio ya gari ya mtumba, nyuma yake nyaya zinaning'inia kama rasta. Ukichungulia kwenye dashibodi unakuta plagi nyeupe usiyowahi kuiona. Haziingiliani hata kwa dawa. Unafanyaje?

Wengi wetu jibu tunalo mdomoni: kata plagi, unga njano na njano, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi. Hapo ndipo kasheshe inapoanzia.

YALIYOMKUTA DEREVA WA MARANGU

Nina rafiki anaendesha Hiace ya bosi, Moshi-Marangu. Kazi ya redio alimpa fundi mmoja wa chini ya mti, jina namsitiri. Fundi akakata plagi, akaunga rangi kwa rangi. Redio kimya! Akaanza kubahatisha, waya ulioachwa wazi ukagusa bodi, fyuzi ikakata. Badala ya kutafuta chanzo, akaizungushia karatasi ya sigara.

Gari lilipofika Himo, moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi. Abiria wengine walitokea dirishani, mama mmoja akaacha mkungu wake wa ndizi.

Bosi hakutaka hadithi: kesho gari liwe barabarani, la sivyo alete funguo. Jamaa ana mke na mtoto mchanga. Akanifuata jioni ile ile, maana anajua nilipomaliza form four nilishinda sana kwenye meza ya fundi redio mmoja mjini.

"Mangi, niokoe," akasema.

TOYOTA INA LUGHA YAKE

Sikiliza sasa. Redio nyingi zinazouzwa peke yake, bila gari, zina mtindo mmoja: njano ni betri moja kwa moja, nyekundu ni ya swichi, nyeusi ni ethi. Lakini Toyota nyingi zina plagi mbili, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Humo betri ni waya wa buluu wenye mstari wa njano, swichi ni kijivu, ethi ni kahawia.

Je, nyeusi na njano? Hizo ni za spika ya nyuma kushoto! Nyekundu ni ya spika ya nyuma kulia. Kwa hiyo ukiunga rangi kwa rangi, unaitaka spika iwe betri. Redio itawakaje?

Magari mengi ya Ulaya nayo yana plagi za pini nane nane, mpango unaoitwa ISO, na hapo usiende na hesabu za Toyota. Umbo la plagi na idadi ya pini vinakuambia hii ni ya kabila gani. Rangi inakuja baadaye, na hata hiyo ihakikishe.

ULIZA MITA, USIULIZE RANGI

Jioni ile tulitoa kwanza waya wote ulioungua, tukaweka mwingine na fyuzi ya saizi yake. Kisha tukashika mita ya fundi redio, tukaiweka kwenye volti. Waya mweusi wa mita unagusa chuma cha bodi kisicho na rangi, mwekundu unagusa nyaya za gari moja moja.

Funguo ikiwa imezimwa, waya unaosoma kama volti 12 ndio wa betri. Huo ndio unaotunza saa na stesheni. Zungusha funguo hatua ya kwanza: waya mpya unaosoma 12 ni wa swichi. Washa taa ndogo: mwingine ukiamka, huo ni wa taa ya redio.

Halafu toa hasi ya betri ya gari, weka mita kwenye omu. Waya unaosoma karibu sifuri na bodi ndio ethi. Nyaya za spika huja mbili mbili, zinasoma kama omu 4 kati yao, lakini na bodi hazina habari. Gusisha jozi hiyo na betri ndogo ya volti 1.5, mara moja tu: spika itasema "krap!" Kama karatasi ya spika imesukumwa nje, chanya umeipata. Hasi ya spika usiifunge kwenye bodi, redio nyingi utaziua papo hapo.

Na ukiona plagi au mfuko wa njano kwenye usukani, kaa mbali! Hiyo ni ya eabegi, ikilipuka usoni hutasimulia.

Saa tatu usiku muziki ulilia. Alfajiri jamaa alikuwa stendi anapakia.

KABLA HUJATOA HELA

Japani FM inaanzia 76, na redio zao nyingi za zamani zinaishia 90. Kwetu ni 87.5 hadi 108. Yaani unaweza kuunga kila waya sawasawa, bado stesheni nyingi ukazikosa! Dawa ni kikasha kidogo kinachoitwa ekspanda, kinafungwa kwenye waya wa antena na kushusha masafa. Kwa hiyo dukani washa redio kwanza, zungusha namba mpaka mwisho. Ikigota 90, omba upunguziwe bei, hela ya ekspanda ipatikane humo humo.

Wiki njema, na uungaji mwema!