Mikono Isiyosikia Maumivu Bado Ina Kazi

Labda katika kijiji chako kuna mtu aliyeugua ukoma zamani. Amekwisha kumeza dawa zote, munganga amemwambia kwamba amepona, lakini vidole vyake vimepinda au vimekatika, na mguu una kidonda kisichokauka. Watu wanamwona ameketi mlangoni, wanasema, "Huyu amekwisha. Tumpe chakula tu." Labda mtu huyu ni baba yako au yaya yako. Labda ni wewe mwenyewe.

Soma maneno haya polepole. Tunataka kukuonyesha kwamba iko njia ya kushika jembe, ya kupika, ya kushona na ya kutembea, bila kupoteza hata kidole kimoja tena. Njia hii haina siri. Inataka macho, maji, mafuta, na akili ya kutengeneza vyombo vizuri.

UKOMA UNAFANYA NINI MWILINI?

Ukoma si laana, si uchawi, na mtoto haurithi kwa wazazi. Ni ugonjwa wa vijidudu. Munganga Gerhard Armauer Hansen wa nchi ya Norwe aliviona mwaka 1873. Vijidudu hivi hupenda kukaa katika ngozi na katika mishipa ya fahamu, yaani ile mishipa inayopeleka habari kutoka mkononi na mguuni mpaka katika ubongo. Mshipa ukiharibika, mambo matatu hutokea. Kwanza, mahali pale pamekufa ganzi, hapasikii moto wala mwiba. Pili, misuli inalegea, vidole vinapinda au mguu unaburuta chini. Tatu, jasho halitoki, ngozi inakauka na kupasuka kama udongo wakati wa jua.

Siku hizi ukoma unapona kabisa. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Ulimwenguni limeshauri kutumia dawa kadha pamoja: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Mwenye ugonjwa mdogo huzimeza miezi 6, mwenye ugonjwa mwingi miezi 12. Tangu mwaka 1995 dawa hizi hutolewa bure. Mtu akianza kuzimeza, baada ya muda mfupi hawezi tena kuambukiza wengine. Lakini ujue jambo hili: dawa huua vijidudu, haifufui mshipa uliokwisha kufa. Kwa hiyo, ukiona baka la ngozi lisilosikia, au mkono unaanza kulegea, usingoje. Mshipa ulioanza kuharibika karibuni, kabla ya miezi 6 kupita, mara nyingi unaweza kuokolewa kwa dawa nyingine. Kila mwaka katika Kongo yetu bado wanaonekana wagonjwa wapya zaidi ya 1,000, na wengine wanafika wamechelewa.

JE, UKOMA UNAKULA VIDOLE?

Watu wengi wanasema hivyo. Hata wanganga zamani walifikiri kwamba nyama ya mgonjwa inaoza yenyewe. Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa Uhindi mwaka 1914, ndiye aliyechunguza sana jambo hili. Alikuwa munganga wa kupasua, naye tangu mwaka 1946 alifanya kazi katika hospitali ya misioni ya Vellore, Uhindi.

Yeye mwenyewe amesimulia kwamba siku moja alijaribu kufungua kufuli yenye kutu, ufunguo ukakataa kuzunguka. Mtoto mgonjwa wa ukoma, mwenye miaka kama 10, akaushika na kuuzungusha mara moja. Munganga akastaajabia nguvu zake. Kisha akaona damu chini. Kidole cha mtoto kilikuwa kimekatika mpaka mfupani, naye hakusikia kitu.

Wengine walilala na kidole kizima, wakaamka kimepungua. Walipokesha kutazama, waliona panya akija kuguguna kidole cha mtu aliyelala. Baadaye wagonjwa waliorudi kwao walipewa paka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walijenga huko Vellore kijiji kidogo cha kufundishia kazi, na wagonjwa waliotengenezwa mikono wakajifunza useremala. Kila kidonda kipya kilipoonekana, waliuliza: kimetoka wapi? Walikuta nyundo yenye mpini mbaya, kikombe cha chai ya moto, msumari katika kiatu. Kila kidonda kilikuwa na sababu yake. Walipoondoa sababu, vidole vilibaki.

Umeona? Si ukoma unaokula kidole. Moto, kisu, mwiba na panya ndio wanaokula, kwa kuwa mlinzi hayupo. Maumivu ni mlinzi wa mwili. Mlinzi akiondoka, macho yako lazima yalinde badala yake.

UJUE MAHALI PASIPOSIKIA

Funga macho. Mwambie mtu wa nyumbani akuguse polepole kwa ncha ya kalamu, mahali hapa na pale katika kiganja, vidole na unyayo. Wewe onyesha kwa kidole alipokugusa. Mahali usipoweza kuonyesha ni mahali pa hatari. Yakumbuke maisha yako yote.

KAZI YA KILA SIKU

Fanya hivi kila siku, kama vile unavyonawa uso:

1. Tazama. Asubuhi na jioni tazama mikono na nyayo. Kama huwezi kuinamisha shingo, tumia kioo, au mwombe mtoto akutazamie. Tafuta wekundu, joto, uvimbe, lengelenge na mwiba.

2. Loweka. Tia mikono na miguu katika maji baridi safi kwa dakika 20 au 30. Usitumie maji ya moto, kwa maana hutajua kwamba yanakuunguza.

3. Sugua. Ngozi ngumu ikiisha kulainika, isugue taratibu kwa jiwe la kukwaruza. Usikate kwa wembe.

4. Paka mafuta ngozi ingali mbichi. Mafuta ya mawese yanafaa. Yanazuia maji yasitoke katika ngozi.

5. Nyosha vidole vilivyopinda. Weka mkono juu ya paja, uvisukume polepole kwa mkono wa pili, mara nyingi.

6. Kama macho hayafungi vizuri, yafunge kwa nguvu mara kwa mara mchana, yatazame katika kioo, na usiku yafunike kwa kitambaa safi.

Kidonda cha unyayo kinataka pumziko kuliko dawa. Mtu mwenye mguu mzima akiumia anachechemea, na kuchechemea huko kunamponya. Wewe husikii, unakanyaga tu, na kidonda kinachimba mpaka mfupani. Basi osha, funika kwa kitambaa safi, keti, tembea kwa fimbo mpaka kikauke. Kidonda kikinuka, au mguu ukivimba na homa ikija, njoo hospitali siku ile ile.

TENGENEZA VYOMBO, USIACHE KAZI

Wengi wakiona vidonda wanaacha kazi. Ni afadhali kubadili chombo. Mpini mwembamba unabana mahali pamoja na kukata ngozi. Mpini mnene unagawanya nguvu kiganjani pote. Zungushia mpini wa jembe kitambaa, kisha uufunge kwa mpira wa ndani wa baisikeli. Fanya hivyo kwa panga, shoka na hata mchi. Shika kwa kiasi, usikaze, kwa sababu mkono usiosikia hukaza kupita inavyohitajiwa. Ukimaliza mstari mmoja wa shamba, simama, tazama kiganja. Ukiona wekundu, badili kazi: palilia kidogo, kisha panda, kisha menya mihogo.

Jikoni ni mahali pa hatari kubwa. Tia sufuria mikono ya mti. Tumia mwiko mrefu wa kusongea bugali. Usiondoe sufuria katika mafiga kwa mikono mitupu hata siku moja, tumia vitambaa vizito. Kikombe cha bati kishike kwa kitambaa. Pima joto la maji kwa kiwiko kama kiwiko kinasikia, au mwulize mtu mwingine. Usilale karibu na moto.

Kama vidole vimekatika, kata ukanda wa mpira wa baisikeli, uuvishe katika kiganja, na ndani yake chomeka kijiko, kalamu au brashi. Usiukaze, na uuvue kazi ikiisha. Hivi mtu anakula mwenyewe na kuandika jina lake mwenyewe.

Viatu ni chombo cha kazi pia. Mshonaji aweke chini mpira wa gurudumu la motokari, juu yake mpira laini, na ukanda nyuma ya kisigino ili kiatu kisitoke. Ashone kwa uzi au abandike. Msumari, hapana! Kiatu kipya ukivae saa moja tu siku ya kwanza, kisha utazame mguu. Kila mara kabla ya kuvaa, kikung'ute. Tembea kwa hatua fupi.

MANENO KWA WATU WA NYUMBANI

Mama, baba, ninyi mnaompenda ndugu yenu, huruma yenu ni njema, lakini inaweza kumfunga. Mkimlisha kama mtoto mchanga, mikono yake itakauka. Mkimfanyia yote, atasahau yote. Mpeni shamba lake, hata kama ni dogo. Mpeni kuku wa kufuga. Mfundisheni kushona, kusuka vikapu, kuuza chumvi na sabuni sokoni, kuandika hesabu. Mtoto wake aende shule na wengine. Aje kuketi katika baraza na kusema neno lake. Asilazimishwe kula peke yake nyuma ya nyumba, maana amepona, haambukizi.

Na wewe uliyepona, tafuta wenzako. Katika Ethiopia, tangu miaka ya 1990, watu waliougua ukoma wamefanya vikundi. Wanakutana, wanatazamana miguu, wanaonyana bila haya, na wengine wanaweka akiba ya fedha pamoja. Hata watu watano wanatosha kuanza. Katika Kongo, Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inasema kwamba wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na sheria ya mwaka 2022 imeeleza haki hizo. Sheria ni nzuri, lakini haitakushikia jembe. Jembe utalishika wewe, kwa mpini mnene, na macho yako juu ya kiganja.

MAULIZO

1. Kwa nini mtu aliyepona ukoma anaweza bado kupoteza vidole?
2. Ni chombo gani nyumbani mwako chenye mpini unaoweza kumjeruhi? Utautengenezaje?
3. Ni kazi gani mnamfanyia ndugu yenu, ambayo angeweza kuifanya mwenyewe kuanzia kesho?