Kufuli tatu, na salio linalokaa kichwani

Sanduku lina kufuli tatu. Funguo wanazo wanachama watatu, na mweka hazina anayelala nalo nyumbani hana hata mmoja. Utaratibu huo unajulikana na yeyote aliyewahi kununua hisa katika kikundi cha kuweka na kukopa, iwe Musoma, Bunda au Butiama. Lililoninasa ni linalotokea kabla kufuli hazijafungwa.

Fedha zikishahesabiwa kwenye bakuli mbele ya macho ya wote, salio hutangazwa kwa sauti: mfuko wa jamii kiasi hiki, mfuko wa mikopo kiasi hiki. Wanachama huambiwa walishike kichwani. Kikao kinachofuata, noti hazijaguswa bado, huulizwa: tuliacha shilingi ngapi? Bibi asiyejua kusoma hujibu sawa na mwalimu mstaafu. Ndipo sanduku linafunguliwa, fedha zinahesabiwa mbele ya hao hao walioshika hesabu.

Mama mmoja anayefundisha vikundi upande wa Butiama anasema kikundi huanza kufa siku hesabu inapobaki kwa watu wawili wenye kalamu, hata kabla ya senti moja kuibwa. Ndiyo maana wanachama wapya haanzi nao kwa karatasi. Huwapeleka wakakae nyuma ya kikundi kikongwe, watazame: aliyechelewa analipa faini bila kununa, aliyefiwa anapewa mkono wa pole kutoka mfuko wa jamii, mkopo wa fulani unakataliwa hadharani na urafiki unabaki. Baadaye wakongwe huja kuwatazama wao.

Lakini hataki wanakili kila kitu. Muuza dagaa wa Musoma ana fedha usiku wa giza na hana kitu mbalamwezi inapowaka; mkulima wa pamba wa Bunda anasubiri msimu. Bei ya hisa inayomfaa mmoja itamfukuza mwingine, na hilo, anasisitiza, kikundi hakina budi kulijadili chenyewe.

Njia yenyewe ya kuweka na kukopa imesafiri hivyo hivyo. Shirika la CARE liliianzisha na wanawake wa Niger mwaka 1991, ikafika Jozani, Zanzibar, kisha ikaenea bara. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa. Tangu 2019 ipo M-Koba, huduma ya simu ya vikundi, na salio linasomeka kwenye simu. Usalama umeongezeka, sikatai. Je, nani atauliza tena tuliacha shilingi ngapi? Na asiye na simu atajibu nini? Mama yule hana jibu, nami sina.

Anaogopa zaidi vikundi vinavyoundwa haraka ili kuwahi mkopo unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, watu wakifahamiana kwenye fomu tu. Maofisa maendeleo ya jamii wa Mkoa wa Mara, kabla hamjagawa fomu hizo, wapelekeni wanachama wapya wakakae na kikundi jirani mzunguko mmoja mzima, hadi siku ya mgao wa akiba.