Kocha akifoka sana, mtoto huficha maumivu

Jumamosi moja nilimsindikiza mpwa wangu mwenye miaka 12 kwenye mechi ya timu yake ya mtaani, hapa Dar es Salaam. Nilikaa chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka benchi la akiba, na kwa kipindi kizima cha kwanza sauti niliyoisikia ni ya kocha tu. "Wewe beki, umelala?" "Pasi gani hiyo?" "Nakutoa sasa hivi!"

Wakati wa mapumziko niliona mpwa wangu anachechemea. Nilipomvua soksi, kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba. Alikuwa amekanyagwa mapema, akaendelea kukimbia. Nikainuka niende kwa kocha, akanishika mkono. "Mama mdogo, usimwambie. Ataniweka benchi."

Mimi huandika habari za afya. Nimeshaandika kuhusu viatu vya watoto, chakula na maji ya kunywa kabla ya mazoezi. Sikuwahi kufikiri kwamba mdomo wa kocha nao ni jambo la afya.

Majeraha mengi ya mtoto hayaonekani kutoka pembeni ya uwanja. Mifupa yake bado inakua, na karibu na ncha za mifupa mirefu kuna sehemu laini ambako ukuaji unafanyika. Zikiumia na mtoto akaendelea kuzitumia, mfupa unaweza kukua vibaya. Kichwa ni hatari zaidi. Mtoto aliyegongwa kichwani anaweza kusimama na kucheza huku anaona kizunguzungu, kichwa kinauma, hakumbuki hata matokeo. Utaratibu unaokubalika duniani ni kwamba anayeshukiwa kuumia ubongo atolewe na asirudi uwanjani siku hiyo. Lakini mara nyingi dalili hizo anazijua yeye peke yake. Asiposema, na kocha hajui.

Ni wazi hasemi kwa sababu gani. Tumemfundisha kwamba anayelalamika ni legelege.

Hata kwa watu wazima wanaolipwa mamilioni hali ni hiyo hiyo. Wapenzi wa Ligi Kuu ya Uingereza wanakumbuka Agosti 2015, Chelsea ikitoka sare ya 2-2 na Swansea. Dakika za mwisho Eden Hazard alianguka, mwamuzi akawaita watabibu, na daktari wa timu, Eva Carneiro, akakimbia uwanjani na mwenzake. Kwa kanuni, mchezaji aliyetibiwa lazima atoke kwanza, na Chelsea tayari ilikuwa pungufu kwa kadi nyekundu. José Mourinho aliwaka pale pale pembeni, kisha akawashutumu hadharani kwamba hawauelewi mchezo. Daktari hakurudi tena kwenye benchi lile, akaondoka klabuni, na kesi yake ikamalizika kwa makubaliano mwaka 2016, klabu ikimwomba radhi. Kama daktari mwenye cheti anafokewa kwa kwenda kumtazama majeruhi, mtoto wa darasa la sita atapata wapi ujasiri wa kusema goti linauma?

Kuna wazazi watasema sisi tulikua kwa viboko na kuruka kichurachura, na tuko hapa. Kweli tuko hapa. Ila mwili unaofokewa hujiandaa kwa hatari: moyo unadunda mbio, misuli inakaza, pumzi inakuwa fupi, na macho yanamfuata anayefoka badala ya mpira. Na kichurachura cha adhabu saa saba mchana, jua la Februari, mtoto hajanywa maji, kinaweza kumfikisha hospitali kwa joto kali.

Nchini Marekani, watafiti Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington walifuatilia kwa miaka makocha wa watoto wa besiboli. Waliona kwamba makocha wengi hawakujua wanavyojiendesha wakati wa mechi. Watoto walieleza mwenendo wa kocha kwa usahihi kuliko kocha mwenyewe. Baadaye waliwafundisha baadhi yao kusifu juhudi, na mtoto akikosea wamtie moyo na kumwonyesha la kufanya. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1992, msimu uliofuata asilimia 26 ya watoto wa makocha ambao hawakupata mafunzo walikuwa wameacha mchezo. Kwa waliofundishwa, ni asilimia 5.

Siwezi kuwabebesha makocha lawama zote. Wengi mitaani hawalipwi, mipira wananunua wenyewe, na wazazi haohao wanaopiga kelele pembeni ndio wanaouliza kwa nini timu imefungwa.

Ndiyo maana dada yangu hakwenda kugombana. Alimsubiri kocha hadi watoto wametawanyika, akamweleza habari ya kifundo na kwa nini mtoto alinyamaza. Kocha alishangaa kwa dhati. Alidhani siku ile mpwa wangu alikuwa mvivu tu. Dada akamwomba kitu kimoja: kabla ya kila mechi awaambie watoto kwamba atakayeumia ainue mkono, na hatapoteza namba kwa sababu hiyo. Nyumbani naye ameacha kuuliza kwanza "mmeshinda?" Anauliza "mwili unajisikiaje?", kisha anakagua miguu wakati wa kuoga.

Wiki tatu baadaye nilirudi chini ya mwarobaini. Kocha alifoka kama kawaida yake, tena kwa sauti ileile. Kipindi cha pili kipa wao aligongana na mshambuliaji, akakaa chini, akatazama benchi kwa muda, halafu akainua mkono. Kocha akanyamaza, akachukua chupa ya maji na kukimbia kwenda golini.